Barua ya wazi: Tupeni kumbukumbu za uchaguzi za iliyokuwa Embakasi

Kwa Waheshimiwa mlio na dhamana ya uchaguzi, mipaka ya maeneo bunge na kumbukumbu za umma,
Nairobi.

KUH: KUMBUKUMBU ZA UCHAGUZI ZA ENEO BUNGE LA EMBAKASI LILILOVUNJWA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Anayewaandikia ni mpiga kura wa Kayole. Wanaomuunga mkono ni majirani wa Dandora, Umoja, Mukuru kwa Njenga, Utawala na Ruai, watu ambao kwa miaka mingi walipiga kura katika eneo bunge moja kabla halijavunjwa. Kabla ya kuja hadharani tulifuata njia ya kawaida. Tuliandika maombi, tukayapeleka wenyewe katika ofisi moja ya umma, yakapigwa muhuri wa kupokelewa. Tuliporudi kuulizia tukaelekezwa kwenye mlango mwingine, na mlango huo ukaturudisha kwenye ule wa kwanza. Ofisi hiyo hatuitaji hapa, maana hatukusudii kumchongea karani yeyote. Tunawaandikia ninyi kwa sababu dhamana iko kwenu, na tunaandika wazi ili wenzetu nao wasome.

Ombi letu ni fupi. Matokeo ya chaguzi zote za ubunge za Embakasi, kituo kwa kituo pale yalipo, yawekwe mahali ambapo mwananchi atayasoma bila kumbembeleza mtu. Na pale ambapo hayapo, tuambiwe kwa maandishi yalikwenda wapi.

Kijana aliyezaliwa Komarock mwaka 2007 atapiga kura yake ya kwanza ya uchaguzi mkuu Agosti 2027. Yeye anazijua Embakasi tano: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Hajui kwamba hadi uchaguzi wa Machi 2013 ulipofika, wazazi wake walikuwa na Embakasi moja ndani ya Mkoa wa Nairobi, mkoa ambao nao uliondoka na Katiba ya 2010. Nairobi nzima wakati huo ilikuwa na wabunge 8: Starehe, Kamukunji, Makadara, Lang'ata, Dagoretti, Westlands, Kasarani na Embakasi. Leo wako 17. Kwa ajili ya kijana huyo, na kwa ajili yenu pia iwapo faili zimechanganyika, turuhusuni tukumbushe kwa ufupi safari ya eneo bunge hilo. Hatutarudi nyuma zaidi ya 1988, ingawa historia yenyewe inaanza kabla ya hapo.

Mwaka 1988 ulikuwa mwaka wa mlolongo. Katika mchujo wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati huo, mwezi wa Februari wapiga kura walipanga foleni mchana kweupe nyuma ya wagombea au wawakilishi wao, na aliyetangazwa kupata asilimia 70 alipita bila kupingwa. Nchi nzima ililalamika kwamba foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu. Malalamiko hayo yalikuwa mazito kiasi kwamba chama chenyewe, baada ya kamati iliyoongozwa na George Saitoti kuzunguka nchi, kilikubali kuachana na mlolongo mwishoni mwa 1990. Mbunge wa Embakasi aliyetoka katika uchaguzi wa mwaka huo alikuwa David Mwenje.

Desemba 1992, baada ya kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kuondolewa na vyama vingi kurudi, wimbi la FORD-Asili ya Kenneth Matiba lilifagia sehemu kubwa ya Nairobi, viti 6 kati ya 8. Embakasi ilimpeleka Henry Ruhiu bungeni kwa tiketi ya chama hicho. Mwaka 1997 Mwenje alirudi kwa tiketi ya Democratic Party, na 2002 akarudi tena chini ya NARC, uchaguzi ambao muungano huo ulitwaa viti vyote vya Nairobi. Watu walewale wa mitaa ileile walibadilisha chama katika kila uchaguzi, kutoka KANU hadi FORD-Asili hadi DP hadi NARC. Anayedai kwamba wapiga kura wa Eastlands, yaani mitaa hii ya mashariki mwa Nairobi, ni watu wa kuendeshwa hajawahi kuisoma historia hii, na pengine hajawahi kupewa nafasi ya kuisoma.

Kisha likaja lile la Desemba 27, 2007. Melitus Mugabe Were wa ODM, aliyekuwa diwani na mtu wa karibu na watu wa Dandora, alichaguliwa mbunge wa Embakasi. Hakumaliza hata mwezi mmoja bungeni. Alfajiri ya Januari 29, 2008, nchi ikiwa tayari inawaka kwa sababu ya matokeo ya urais, alipigwa risasi nje ya nyumba yake mtaani Woodley. Siku mbili baadaye mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, naye aliuawa. Embakasi ilirudi kwenye kura Juni 11, 2008, na Ferdinand Waititu wa PNU akashinda uchaguzi mdogo. Yeye ndiye mbunge wa mwisho aliyechaguliwa na Embakasi ikiwa moja.

Hiyo ndiyo historia kwa majina na miaka. Ndani yake kuna kura za mamia ya maelfu ya watu, na hapo ndipo malalamiko yetu yanapoanzia.

1. Tumebakiwa na majina ya washindi bila hesabu za kura.

Ukimuuliza mtu yeyote mzee hapa Kayole nani alikuwa mbunge mwaka fulani, atakutajia. Ukimuuliza alipata kura ngapi, mpinzani wake alipata ngapi, na kituo cha shule fulani kilimpa nani, kimya. Hili si kosa la mzee huyo. Hesabu hizo zilitangazwa mara moja ukumbini, wenye redio na magazeti wakachukua walichoweza, kisha zikafungiwa.

Tunajua si chaguzi zote zilizoacha karatasi za aina moja, na hatuombi kisichowezekana. Mwaka 1988 kwenye mlolongo hapakuwa na karatasi ya kura ya kuhifadhi. Mwaka 1992 na 1997 masanduku yalibebwa hadi ukumbi mmoja wa eneo bunge na kura zikahesabiwa humo, kwa hiyo hesabu ya kituo kimoja kimoja huenda haikuandikwa kwa namna tunayoijua leo. Lakini tangu 2002 kura zilihesabiwa vituoni. Kwa chaguzi za 2002 na 2007, pamoja na ule mdogo wa Juni 2008, kila kituo kilijaza fomu yake, Fomu 16A, na msimamizi wa uchaguzi akajumlisha kwenye fomu ya eneo bunge. Mawakala wa vyama walitia saini. Walimu waliokaa usiku kucha wakihesabu kwa taa ya chemli wako hai, wengine wamestaafu na wanaishi papa hapa Umoja. Karatasi walizoziandika kwa mikono yao ziko wapi?

2. Uchaguzi wa 2007 ndio ulioacha kidonda, na kumbukumbu zake ndizo zinazohitajika kuliko nyingine zote.

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu jambo lenyewe ni zito.

Tume iliyochunguza uchaguzi huo, ikiongozwa na Jaji Johann Kriegler, ilipotoa ripoti yake Septemba 2008, ilisema kwamba zoezi la kujumlisha na kupitisha matokeo lilivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua kwa uhakika nani alishinda urais. Ilisema pia kwamba sajili ya wapiga kura ilikuwa na majina ya takriban watu milioni 1.2 waliokwisha kufariki. Kabla mwaka huo haujaisha, Tume ya Uchaguzi ya Kenya ikavunjwa. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza machafuko yaliyofuata, nayo ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Wengine walikuwa majirani zetu, na hapa Eastlands tunajua ni nyumba zipi zilibaki bila baba au bila kijana.

Sasa tazameni mahali alipoachwa mtu wa Embakasi. Alipiga kura ambayo taifa liliambiwa haiwezi kuhakikishwa. Mbunge aliyemchagua katika uchaguzi huohuo akauawa. Karibu miezi mitano baadaye akapanga foleni tena, baadhi ya watu wakiwa bado wana hofu ya kutembea nje ya mtaa wao, akapiga kura tena. Miaka michache baadaye eneo bunge lenyewe likafutwa kwenye ramani. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na nyingine zilikuwa sababu njema. Lakini katika hatua zote hizo hakuna aliyerudi kwake na kumwambia: kura yako ya kituo chako ilihesabiwa hivi, na hii hapa karatasi.

Kwa sababu hiyo uvumi umetwaa nafasi ya hesabu. Kwenye vibanda vya chai na kwenye matatu za Kayole bado mtasikia watu wazima wakibishana kuhusu 2007, kila mmoja na tarakimu zake za kichwani. Kituo hiki kilikuwa na kura nyingi kuliko watu, kile kilifungwa mapema, hiki masanduku yake yalichelewa. Hatusemi maneno haya ni kweli, wala hatusemi ni uongo. Tunasema hakuna anayeweza kuyathibitisha au kuyakanusha, na vijana wanayapokea kama urithi.

3. Hatuwezi kulinganisha jana na leo.

Wengi hudhani Embakasi ilikatwa vipande vitano basi. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Maeneo ya Njiru na Ruai, yaliyokuwa ndani ya Embakasi ya zamani, leo ni wadi za Kasarani. Kariobangi Kusini imo Embakasi Magharibi pamoja na Umoja na Mowlem, huku Kariobangi Kaskazini imo Embakasi Kaskazini pamoja na Dandora. Mtu akitaka kujua kama idadi ya wanaojitokeza kupiga kura Dandora imepanda au imeshuka tangu 2002, hawezi kutumia jumla ya Embakasi. Anahitaji orodha ya vituo: kituo hiki kilikuwa wadi gani wakati ule, na leo kiko wadi gani na eneo bunge gani. Orodha hiyo ni kazi ya karani mmoja makini mwenye ramani mbili. Bila orodha hiyo, hata fomu zikipatikana zitakuwa nusu ya kazi.

Na watu wanaishi historia hii iwe imeandikwa au haijaandikwa. Mwaka 2022 wapiga kura wa Embakasi Magharibi walimchagua Mark Mwenje, mwanawe marehemu David Mwenje. Wapo waliompigia kwa sababu ya baba na wapo waliomkataa kwa sababu ya baba. Mtafiti, mwanafunzi au mwandishi wa habari anayetaka kupima jambo hilo ataanzia wapi?

4. Deni la uwakilishi halijawahi kuandikwa vizuri.

Katika sensa ya 2009 Embakasi ilihesabiwa kuwa na watu 925,775. Katika sensa hiyohiyo Lamu Mashariki ilikuwa na watu 18,841. Kila eneo lilikuwa na mbunge mmoja. Maana yake mbunge wa Embakasi aliwabeba watu takriban 49 kwa kila mtu 1 wa Lamu Mashariki. Hatuwaonei kijicho ndugu zetu wa Lamu. Visiwa vyao vina shida zake, safari zao ni za mashua, na sauti yao inastahili kusikika bungeni. Tunaeleza tu ukubwa wa pengo.

Pengo hilo lilikuwa na bei. Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ilipoanzishwa mwaka 2003, robo tatu ya fedha ziligawanywa sawa kwa sawa kwa maeneo bunge yote 210, na robo iliyobaki kwa kipimo cha umaskini. Fungu la usawa lililokwenda mahali penye watu elfu ishirini lilikuwa sawa na lililokuja mahali penye karibu milioni moja. Madarasa ambayo hayakujengwa Mukuru, basari ambazo hazikufika Dandora, vyote vina mizizi katika hesabu hii. Shule za umma za Kayole zilizokuwa na watoto wanaobanana kwenye dawati moja hazikuwa na bahati mbaya. Zilikuwa katika eneo bunge ambalo lingepaswa kuwa mengi.

Marekebisho yalipokuja baada ya Katiba mpya, kiwango cha wastani kilikuwa watu 133,138 kwa kila eneo bunge, yaani idadi ya watu wa nchi ikigawanywa kwa 290. Embakasi peke yake ilikuwa na watu karibu mara saba ya kiwango hicho. Tulishukuru ilipogawanywa, na tunashukuru hadi leo. Lakini miaka ya kupunjwa inapaswa kubaki kwenye kumbukumbu pamoja na tarakimu zake: waliojiandikisha, waliopiga kura, na fedha zilizoletwa, uchaguzi kwa uchaguzi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali iliyopotea ni uwakilishi wa watu.

5. Mipaka itaguswa tena, nasi hatuna ushahidi mkononi.

Kifungu cha 89 cha Katiba kinataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Mapitio yaliyopita yalikamilika Machi 2012. Machi 2024 ilipita, na wakati huo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) haikuwa na kamishna hata mmoja kazini, tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Kazi hiyo bado inasubiri. Itakapoanza, kifungu hichohicho kinasema kwamba pamoja na idadi ya watu yatazamwe pia mahusiano ya kihistoria, ya kiuchumi na ya kitamaduni ya wakazi. Mwananchi atasimamaje mbele yenu kuzungumzia mahusiano ya kihistoria ikiwa historia yenyewe imefungiwa? Mtatukaribisha kutoa maoni, tutakuja, na tutazungumza kwa hisia kwa sababu hamkutupa tarakimu.

Waheshimiwa, tunajua majibu mnayoweza kutupa. Mengine tumeshayasikia.

Mnaweza kusema Embakasi haipo tena kisheria. Ni kweli. Lakini watu waliopiga kura wapo, na kura yao ilikuwa halali siku ile. Marehemu haondoki na cheti chake cha kuzaliwa.

Mnaweza kusema nyaraka zilikuwa za tume iliyovunjwa. Tume ya Uchaguzi ya Kenya ilirithiwa na tume ya muda mwaka 2009, nayo ikarithiwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka mwaka 2011. Mrithi hupokea ofisi, magari na fedha. Hupokea makabati pia. Palipofanyika makabidhiano pana orodha ya makabidhiano, na orodha hiyo tu ikitolewa itakuwa mwanzo mzuri.

Mnaweza kusema sheria inataka makaratasi ya uchaguzi yahifadhiwe kwa miaka 3 kisha yaharibiwe, isipokuwa tume au mahakama iagize vinginevyo. Kama yaliharibiwa kwa kufuata sheria, tuambieni lini, wapi, na kwa idhini ya nani. Nyaraka za umma huharibiwa kwa utaratibu, na utaratibu huacha karatasi. Tutalipokea jibu hilo bila kelele, na tutaenda kwa mawakala wa zamani, kwa vyama, kwa magazeti ya wakati ule, kuokoa kinachookolewa. Kinachotuumiza ni kutojua. Hadi leo hatujui kama tunatafuta kitu kilichopo au tunakimbiza upepo.

Mnaweza kusema fedha hakuna. Fomu za vituo vya eneo bunge moja kwa chaguzi tatu ni mafaili machache. Kijana mwenye simu nzuri anaweza kuzipiga picha zote kwa muda mfupi. Kama tatizo ni mikono ya kazi, wapo walimu wastaafu na wanafunzi wa vyuo hapa kwetu watakaokuja kujitolea chini ya usimamizi wenu.

Jibu zito kuliko yote, na tunaliheshimu, ni kwamba tutafukua chuki za 2008. Tumelifikiria hili kwa muda mrefu, kwa kuwa sisi ndio tulioishi humo. Sisi ndio tuliofunga milango, tukawaficha majirani wa kabila jingine chini ya vitanda, tukawasindikiza hadi kituo cha polisi gizani. Hakuna anayetaka siku zile zirudi. Lakini tumeona pia kinachotokea pasipo na maandishi: kila msimu wa kura, mwanasiasa anayetaka kuchochea huanza na hadithi ya 2007, na huisema apendavyo kwa kuwa anajua hakuna wa kumfungulia daftari. Wenye kumbukumbu ya uchungu hawatapona kwa kufichwa hesabu. Kama fomu zinaonyesha makosa, makosa hayo tayari yalitajwa na Tume ya Kriegler mbele ya dunia nzima. Kama zinaonyesha kituo kilihesabiwa vizuri, basi wale walimu waliofanya kazi kwa uaminifu usiku ule wanastahili ijulikane.

Tena sheria iko upande wa anayeuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma kutoa uamuzi kabla ya siku 21 kupita. Fomu za vituo za uchaguzi wa urais wa 2022 mwananchi alizisoma kwenye mtandao, na hilo lilikuwa jambo jema mno kwa nchi yetu. Aliyepiga kura Dandora mwaka 2002 hana haki pungufu kuliko aliyepiga kura hapo mwaka 2022.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunawaomba yafuatayo, na tunayaomba yafanyike kabla ya mipaka ya Nairobi kuguswa tena.

Kwanza, mtoe taarifa ya maandishi kueleza ni nyaraka gani za uchaguzi za Embakasi zilizopo, za mwaka gani, na ziko chini ya nani; na zile zisizokuwepo, ziliharibiwa au kupotea lini na kwa idhini ya nani.

Pili, Fomu 16A za vituo na fomu za majumlisho ya eneo bunge za 2002, 2007 na za uchaguzi mdogo wa Juni 2008 zichapishwe kama zilivyo, pamoja na makosa yake, bila kusafishwa. Kwa 1992 na 1997, mtoe jumla ya kura za kila mgombea na idadi ya waliojiandikisha. Kwa 1988, mtoe chochote kilichoandikwa, hata kama ni ukurasa mmoja.

Tatu, iandaliwe ile orodha ya vituo inayoonyesha kila kituo cha Embakasi ya zamani kiliangukia wadi na eneo bunge gani mwaka 2013, pamoja na vile vilivyokwenda Kasarani. Nakala ziwekwe katika maktaba za umma na katika ofisi za maeneo bunge yote yanayohusika, kwa kuwa si kila mzee ana intaneti.

Nne, wasimamizi wa vituo na mawakala wa wakati ule walio hai waalikwe kutoa ushahidi wa walichokiona na nakala walizobaki nazo, kwa hiari yao na kwa usalama wao. Wengi wamezeeka. Kila tukichelewa tunazika mashahidi.

Tano, yatakayofanyika kwa Embakasi yafanyike pia kwa maeneo bunge mengine yaliyovunjwa katika mapitio hayohayo ya mipaka nchini. Watu wa iliyokuwa Bahari kule Kilifi, wa Nakuru Mjini na wa Eldoret Kaskazini nao walipiga kura.

Jibu lenu tutalibandika kwenye mbao za matangazo za Kayole, Dandora, Umoja, Utawala na Mukuru, liwe zuri au baya, neno kwa neno kama mtakavyoliandika. Likikosekana kabla ya siku 21 kupita tangu barua hii iwafikie, tutapeleka shauri letu kwa Tume ya Haki ya Utawala kama sheria inavyoturuhusu, tukiambatanisha nakala ya maombi yetu ya awali yenye muhuri wa kupokelewa.

Wenu kwa heshima,

Mpiga kura wa Kayole, kwa niaba ya wakazi wa iliyokuwa Embakasi